Kutoka hati ya XML hadi objekti ya Java

Hati ya XML ni maandishi yaliyopangwa kwa tagi. Objekti ya Java ni data iliyo kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na kila uga wake una aina inayojulikana. Programu inayopokea ankara kwa XML inaweza kuisoma elementi moja baada ya nyingine kwa njia za usomaji ziitwazo DOM na SAX, lakini msimbo wake huwa mrefu na huhitaji kuguswa kila muundo wa hati unapobadilika. JAXB, maktaba ya Java iliyotoka mwaka 2003 na kupata sura yake ya sasa katika toleo la 2.0 la mwaka 2006, iliondoa adha hiyo: mwandishi wa programu hueleza tu klasi ipi inalingana na elementi ipi, nayo hufanya iliyobaki.

Mfano ni hati hii fupi:

<ankara namba="114">
  <mteja>Asha Juma</mteja>
  <kiasi>45000</kiasi>
</ankara>

Klasi inayoipokea huandikwa hivi:

@XmlRootElement
@XmlAccessorType(XmlAccessType.FIELD)
public class Ankara {
    @XmlAttribute
    private int namba;
    private String mteja;
    private BigDecimal kiasi;
}

Anotesheni ya kwanza inaitambulisha klasi kuwa mzizi wa hati. Ya pili inaiagiza JAXB isome nyuga moja kwa moja. Bila hiyo, uga wenye anotesheni ukiwa pia na geta na seta, JAXB huona sifa mbili zenye jina moja na kugoma. Ya tatu inasema kwamba namba imo ndani ya tagi yenyewe. Klasi lazima pia iwe na konstrakta isiyo na vigezo, na hapa Java huiweka yenyewe.

Kusoma hati ni kazi ya Unmarshaller. Kuiandika ni ya Marshaller. Zote mbili hutengenezwa na JAXBContext, ambayo ni ghali kuunda lakini inaweza kutumiwa na nyuzi nyingi kwa wakati mmoja. Kwa hiyo huundwa mara moja na kutunzwa, ilhali Unmarshaller na Marshaller, ambazo hazina usalama huo, huundwa upya kwa kila ombi.

Hatari kubwa ya JAXB ni upole wake. Mzizi wa hati ukiwa mgeni, hitilafu hutolewa papo hapo. Lakini mtumaji akiandika <Kiasi> kwa herufi kubwa, elementi hiyo hurukwa, na uga wa kiasi hubaki null. Akiandika 45,000 kwa mkato, BigDecimal huikataa thamani hiyo, usomaji huendelea, na matokeo ni yaleyale: ankara isiyo na kiasi, bila lalamiko lolote. Katika mfumo wa malipo, hilo ni baya kuliko programu kusimama. Dawa yake ni kuipa Unmarshaller skima ya XSD kwa setSchema, pamoja na kishughulikia matukio kinachorudisha false kosa linapotokea.

Objekti pia haibebi kila kilichokuwa kwenye hati. Maoni na nafasi kati ya tagi hupotea, hivyo hati yenye saini ya kidijitali ihakikiwe ikiwa maandishi asilia. Ikisomwa kuwa objekti kisha kuandikwa upya, saini inaweza kukataliwa ingawa data haijabadilika. Faili kubwa mno nalo lisipakiwe zima: kisomaji cha StAX hulipitia na kuikabidhi JAXB ankara moja moja.

JAXB iliondolewa kwenye Java 11 mwaka 2018, kwa hiyo sasa huongezwa kwenye mradi kama maktaba ya nje. Tangu toleo la 3.0 jina la pakiti limebadilika kutoka javax.xml.bind kuwa jakarta.xml.bind, na mawili hayo hayachanganyiki: klasi yenye anotesheni za zamani ikipewa maktaba mpya, huonekana kama haina anotesheni kabisa.