Bomba la Dawa Lataka Mwendo wa Gwaride

Mvua zinyeshapo Arua na Koboko, ukoka wa viwanja vya kambi za jeshi na vituo vya polisi hustawi, na magugu hustawi pamoja nao. Hapo ndipo bomba la mgongoni hutolewa ghalani. Twapenda kuzungumza na askari wetu juu ya chombo hiki, kwani wengi hukibeba na wachache hukipima.

Kazi hii si ngeni jeshini. Nzige wa jangwani walipoingia Karamoja kutoka Kenya mwezi wa Februari 2020, askari walipelekwa huko wakiwa na mabomba ya mkono. Hata hivyo, desturi iliyoenea ni kumimina dawa kwa kukisia na kifuniko cha chupa. Dawa ikipungua, magugu huinuka tena na fedha imepotea. Ikizidi, ukoka wenyewe huungua, na sumu hubaki mahali wachezapo watoto wetu.

Ndugu askari, kipimo cha kweli kimo katika miguu ya mbebaji, mkono wake na mdomo wa bomba. Kwa hiyo tupime hivi. Tuweke mambo manne ya nguzo za miti, mita 10 kwa mita 10, yaani mita za mraba 100. Tutie maji matupu ndani ya bomba na kuweka alama yalipofika. Kisha tunyunyizie kiwanja chote kwa mwendo mmoja, huku mkono ukipiga mpini kwa mapigo yaliyo sawa. Mwisho tujaze maji mpaka kwenye alama, tukihesabu kiasi tulichoongeza.

Tuseme tumeongeza lita 2 na nusu. Basi bomba la lita 16 litatosha mita za mraba 640. Ikiwa karatasi ya dawa yaagiza lita 2 kwa hekta, yaani mita za mraba 10,000, bomba hilo lahitaji mililita 128 tu. Lakini mbebaji akitembea nusu ya mwendo ule, maji yatakuwa lita 5, na ardhi itapokea dawa maradufu ingawa mchanganyiko haukubadilika. Kwa sababu hiyo, aliyepima ndiye anyunyizie. Akija mwingine, apime upya.

Mdomo wa bomba nao huchakaa. Tukinge maji yake kwa dakika moja. Yakizidi yale ya mdomo mpya kwa sehemu moja katika kumi, tuubadilishe.

Jina la dawa pia lisomwe. Dawa ya 2,4-D hulenga magugu ya majani mapana na kuuacha ukoka, lakini glaifoseti huua vyote viwili. Bomba lililobeba glaifoseti lisipooshwa vizuri laweza kuharibu kiwanja kizima.

Kazi ifanywe upepo ukiwa umetulia, kwa glavu na viatu vya mpira. Maji ya kuoshea yasimwagwe karibu na kisima wala Mto Enyau.

Askari hurekebisha shabaha ya bunduki kabla ya kuitegemea. Bomba la dawa nalo lastahili heshima hiyo, kwa kuwa kosa lake hukaa ardhini, kwenye makao ya jamaa zetu.