Panapochimbwa Pabaki Kitu



Mhariri wetu amenitaka niandike machache juu ya nchi hii tuliyohamia. Nimechagua habari ya mwanasiasa mmoja, kwa sababu dada yangu aliyeko Kwale aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu pale pale kwenye simu.

Wengi wenu mnajua kuwa tangu 2007 mimi ni dereva wa lori. Napakia vyakula hapa Perth na kuvipeleka Karratha, safari ya kilomita 1,500 hivi. Huko Pilbara ndiko yanakotoka madini ya chuma yanayolitajirisha jimbo hili la Australia Magharibi. Treni za madini ni ndefu hata ukizisubiri kwenye kivuko unaweza kumaliza kikombe cha chai. Lakini miaka ile mji wenyewe ulikuwa na dhiki. Nyumba hazikutosha, kodi ilipita dola 1,000 kwa wiki, na mwenye maradhi mazito hupelekwa Perth kwa ndege. Mali ilipita mlangoni bila kuingia ndani.

Ndipo akatokea Brendon Grylls, kiongozi wa chama cha National, mtu wa upande wa wakulima wa ngano, aliyeingia bunge la jimbo mwaka 2001. Hoja yake ilikuwa fupi: asilimia 25 ya mrabaha wa madini irudi mikoani. Katika uchaguzi wa Septemba 2008 hakuna chama kikubwa kilichopata viti vya kutosha. Yeye na wenzake walikuwa na viti 4 tu kati ya 59, lakini viti hivyo ndivyo vilivyohitajiwa. Akazungumza na Labor, akazungumza na Liberal, na sharti likawa lile lile. Liberal wa Colin Barnett wakalikubali, na mwaka 2009 likaandikwa kuwa sheria.

Matunda yake niliyaona kwa macho. Wastaafu wa mikoani walipewa kadi ya petroli ya dola 500 kwa mwaka. Karratha ikainuka majengo, na mwaka 2018 ikafunguliwa hospitali mpya katikati ya mji, iliyosaidiwa na mfuko huo. Wako waliolalamika kuwa fedha nyingine zilitumika kwa haraka bila hesabu nzuri, nami nadhani hawakukosea.

Mwaka 2013 Grylls aligombea Pilbara yenyewe akashinda. Mwaka 2016 akataka BHP na Rio Tinto walipe dola 5 kwa kila tani, badala ya ada ya senti 25 iliyowekwa miaka ya 1960. Wenye migodi wakamjibu kwa matangazo mengi, na Machi 2017 watu wa Pilbara wakamwangusha. Niliwasikia madereva wenzangu wakisema wanaogopa kazi zitapungua. Mwenye hofu ya mkate wa leo hasikii hesabu ya kesho. Lakini angalieni: yeye aliondoka, sheria ya asilimia 25 ikabaki.

Sasa nirudi kwa dada. Mgodi wa titani wa Kwale ulimaliza kuchimba Desemba 2024, naye akaniuliza: "Kaka, mchanga umekwenda na meli. Sisi tumebakiwa na nini?"

Nimemjibu hivi. Sheria ya Madini ya Kenya ya 2016 inagawa mrabaha: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, na 10 kwa jamii ya mahali. Basi fungu lenu si sadaka. Ni haki iliyoandikwa, na huulizwa kwa barua, kwa mkutano na kwa kura. Likija, lijengeni darasa au kisima, kitu ambacho mjukuu atakikuta.

Na nyinyi wenye jamaa Geita na Kahama, waambieni nao waisome sheria yao mapema, kabla mgodi haujafungwa. Vijana wetu wanaosomea sheria na uhasibu hapa Perth, wazee wenu wanawategemea katika kazi hii.