Umehamia SHA? Usimpoteze Daktari Wako

NHIF ilipofungwa na SHA kuanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024, wengi waliuliza kuhusu pesa: ni ngapi, na zinalipwa vipi? Swali la daktari lilikuja baadaye, pale kaunta ya hospitali. Kwa mwenye presha au kisukari si swali dogo. Daktari aliyekuona miaka mitano anajua ni dawa gani ilikuvimbisha miguu na ni ipi ilikutuliza. Mgeni ataanza upya.

SHA haiweki mkataba na daktari wako, inaweka na kituo. Kwa hivyo, kabla hujalipa, pigia kituo simu: mna mkataba na SHA? Ninyi ni ngazi ya ngapi? Na hii kliniki ninayokuja kila mwezi inalipiwa, ama ni kulazwa tu? Hilo la mwisho wengi husahau kuuliza. Kwa zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya 2 na 3, unachohitaji ni kujisajili. Ngazi ya 4 hadi 6 hutegemea mchango wako.

Kama kituo hakimo, muulize daktari mwenyewe anafanya kazi wapi pengine. Wengi huwa asubuhi hospitali ya kaunti, jioni kliniki binafsi. Hakuna aibu.

Usipoajiriwa, mchango hulipwa wa mwaka mzima, na kiwango cha chini ni KSh 300 kwa mwezi, yaani KSh 3,600. Hizo si pesa za kulipa kwanza ndio uulize baadaye. Ukiridhika, piga *147#, hakikisha umesajiliwa pamoja na wategemezi wako, lipa, na usifute ile SMS.

Ikibidi kubadilisha daktari, omba nakala ya faili: majina ya dawa na vipimo vya karibuni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kupata taarifa zako, kwa hivyo usikubali kuzungushwa.

Wengine huamua kumlipa daktari wao mfukoni mara chache kwa mwaka, dawa na vipimo wakavifuata kituo cha SHA. Ni mpango mzuri, mradi daktari akubali. Ila lipa kwa Till au Paybill ya kliniki, si namba ya mtu, na usome jina kabla ya kuweka PIN.