Kula Paka Mfu: Lawama za Uongo katika Semi za Kikantoni

Kikantoni, lugha ya Kichina izungumzwayo Guangdong, Hong Kong na Macau, kina usemi sik sei maau, yaani ‘kula paka mfu’. Mla paka huyo ni mtu anayebebeshwa lawama ya kosa la mwingine. Kwa msemaji wa Kiswahili, taswira ya kula si ngeni: katika kula hasara na kula kiapo, kinacholiwa si chakula, bali ni jambo ambalo mtu akishalipokea hawezi kulitema.

Usemi huu hukubali alama ya wakati timilifu baada ya kitenzi: keoi sik zo sei maau, ‘amekula paka mfu’. Hutumika kwa aliyelazimishwa na hata kwa aliyejitolea kumfichia mkubwa wake kosa. Palipo na ushahidi wa kutungwa, hasa polisi wanapodaiwa kumbambikia mtu kesi, husemwa cai saang zyu juk, ‘kupanga nyama mbichi ya nguruwe’. Mtendwa huwekwa mara baada ya kitenzi: cai keoi saang zyu juk. Kwa usingiziaji wa kawaida hutosha wat: keoi wat ngo, ‘ananisingizia’. Semi zote hizi ni za mazungumzo. Katika maandishi rasmi hupendelewa jyun wong.

Tofauti hizi zina uzito mkubwa mahakamani. Hong Kong, ambako Kichina kilifanywa lugha rasmi sambamba na Kiingereza mwaka 1974, kauli ya shahidi huweza kuhitaji mkalimani. Akifasiri neno kwa neno, hubaki paka tu. Akisema ‘alibambikiwa kesi’ pale shahidi aliposema ‘alikula paka mfu’, huzusha tuhuma ambayo haikutolewa. Akifanya kinyume chake, huifuta tuhuma iliyotolewa. Hivyo basi, ukalimani wenyewe waweza kuwa dhuluma ya pili.

Aidha, sarufi ina lake la kufunza. Kiswahili huweza kusema ‘amesingiziwa’ na kuishia hapo, bila kumtaja mtenda. Kikantoni cha mazungumzo, kwa kawaida, hakiruhusu hivyo: baada ya bei, alama ya kutendwa, sharti atajwe mtenda, japo kwa neno jan, ‘mtu’. Husemwa bei jan wat, ‘amesingiziwa na mtu’. Jina la msingiziaji laweza kufichwa. Kuwapo kwake hakufichiki.