Chama cha Kahawa ni Mfumo Mmoja: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Mkutano Mkuu

Viwanda viwili vya kahawa vinaweza kuwa kando ya mto mmoja, vikipokea matunda kutoka mashamba yanayopakana, na bado vikawalipa wakulima bei tofauti kwa kilo. Kwa nini? Mara nyingi lawama huelekezwa kwa mtu mmoja: meneja, mwenyekiti au dalali. Wakati mwingine mtu huyo kweli ana makosa. Lakini wakulima wengi wamewahi kubadilisha viongozi na malipo yakabaki pale pale. Makala haya yanaeleza njia nyingine ya kulitazama jambo hili, yaani kukiangalia chama chote kama mfumo mmoja.

Mfumo ni nini?

Mfumo ni sehemu zinazotegemeana ili kufikia lengo moja. Katika kahawa, mkulima huchuma, kiwanda humenya matunda siku hiyo hiyo, huchachusha, huosha na kukausha, kinu hukoboa, kisha kahawa huuzwa, nyingi ikipitia mnada wa Nairobi. Huhitajika takribani kilo 7 za matunda kupata kilo 1 ya kahawa safi. Kosa la hatua moja haliwezi kurekebishwa na hatua inayofuata.

Kila mtu afaulu, chama kishindwe

Chukua mfano huu. Karani wa mizani anasifiwa kwa kupokea kilo nyingi, hivyo anapitisha matunda mabichi pamoja na mekundu. Msimamizi wa meza za kukaushia anahimizwa kumaliza haraka, hivyo anaiondoa kahawa kabla haijakauka vizuri. Mweka hazina anasifiwa kwa kuwapatia wanachama mikopo mapema, na riba inakatwa baadaye kwenye malipo. Kila mmoja ametimiza lengo lake, lakini kahawa imeshuka daraja na mkulima amelipwa kidogo.

Fundisho lake ni kwamba lengo halisi la shirika lolote ni lile linalopimwa na kusifiwa kila siku, hata kama ukutani pameandikwa lingine.

Mzunguko unaojirudia

Tuseme kiwanda kinatumia shilingi milioni 4 kwa mwaka kwa mishahara, umeme na ukarabati, hata matunda yakiwa machache. Kikipokea kilo milioni 1, gharama hiyo ni shilingi 4 kwa kila kilo. Kikipokea kilo 400,000, inakuwa shilingi 10. Malipo yanashuka. Mkulima aliyevunjika moyo anaacha kuweka mbolea, au anakausha matunda nyumbani na kuyauza kwa wachuuzi. Msimu unaofuata kilo zinapungua tena, na gharama kwa kila kilo inapanda zaidi. Hakuna mtu mmoja aliyepanga hasara hiyo.

Mizunguko ya namna hii ni sehemu ya historia yetu. Kenya ilizalisha karibu tani 129,000 za kahawa katika msimu wa 1987/88. Miaka ya karibuni ni takribani tani 50,000. Baada ya sheria ya 1997 kulegeza usimamizi wa serikali, vyama vingi vikubwa viligawanyika. Wanachama walipata uongozi ulio karibu nao, lakini gharama zikabebwa na watu wachache zaidi. Vyama vingine vilibaki na viwanda kadhaa chini ya paa moja: jina la Gikanda, kule Mathira, limetokana na viwanda vyake vitatu vya Gichathaini, Kangocho na Ndaroini.

Subira na mahali pa kurekebisha

Kutoka ua hadi tunda jekundu ni miezi 8 hadi 9. Mbolea ya leo inaonekana kwenye malipo ya msimu mwingine, kwa hiyo si haki kuipima kamati mpya kwa miezi sita pekee. Vilevile, kurekebisha sehemu moja hakutoshi. Malipo ya moja kwa moja yaliyoanza 2023 yanafupisha safari ya pesa kutoka mnadani, lakini hayawezi kuyageuza matunda mabichi kuwa mekundu.

Maswali ya kuuliza kwenye mkutano mkuu

1. Gharama za kiwanda kwa kila kilo ya matunda zilikuwa shilingi ngapi mwaka huu, na ngapi mwaka jana?
2. Ni kilo ngapi za matunda zilizotoa kilo 1 ya kahawa safi?
3. Ni kiasi gani cha kahawa yetu kilipata madaraja ya juu, na iliyobaki ilishushwa na nini?
4. Riba ya mikopo ilikata shilingi ngapi kwa kila kilo?
5. Wafanyakazi wetu wanapimwa kwa nini: wingi wa kilo au ubora wake?

Sheria ya Vyama vya Ushirika inampa mwanachama haki ya kuona hesabu za mwaka na kumbukumbu za mikutano mikuu katika ofisi kuu ya chama. Ziombe mapema, kabla ya siku ya mkutano. Chini ya Katiba ya 2010, vyama vya ushirika ni jukumu la kaunti. Ukishindwa kuelewa hesabu hizo, au ukinyimwa, fika kwa afisa wa ushirika katika kaunti yako ndogo.