Tumbo likijaa baada ya upasuaji

Mama aliyejifungua kwa upasuaji akilalamika kwamba tumbo limejaa, wanaomuuguza humwambia ni gesi, avumilie, asile hadi atoe hewa. Kuhusu gesi, mara nyingi wamesema kweli. Utumbo ulioguswa na mikono ya daktari, huku mwilini mna dawa za maumivu za jamii ya mofini, huacha kusukuma kwa muda. Utumbo mwembamba huamka mapema, ndani ya saa 24 hivi. Utumbo mpana huweza kuchelewa hadi siku ya tatu. Hewa isiyosukumwa hukaa palepale, na tumbo likatuna.

Kumnyima chakula, hata hivyo, hakuuamshi utumbo. Tangu miaka ya 1990 daktari wa upasuaji wa Denmark, Henrik Kehlet, amekuwa akionyesha kwamba mgonjwa anayekula mapema, anayeinuka kitandani mapema na kupunguziwa mofini hupona haraka zaidi. Hata kutafuna chingamu tu kumechunguzwa kwa wanawake waliojifungua kwa upasuaji, nao wakatoa hewa mapema kwa takriban saa 7. Wapo wanaohofu kwamba chakula kitamtapisha. Wachache hutapika kweli, na hao hupunguziwa. Aliyekatwa utumbo wenyewe amfuate daktari wake. Lakini kumlaza na njaa mama anayenyonyesha, kwa hofu hiyo peke yake, ni kumwonea.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni neno gesi kutumika kufunga mazungumzo. Uvimbe wa kawaida hupungua siku hadi siku. Tumbo linalozidi kukaza, au lililokwisha kunywea likajaa upya, pamoja na homa, mapigo ya moyo ya kasi, matapishi ya kijani au maumivu yanayopanda, laweza kuwa na usaha, damu au utumbo uliotoboka au kuziba. Mkaja humsaidia mama kutembea bila kuumia sana, lakini hauondoi gesi, na ukikazwa mno huficha mabadiliko hayo. Wengine watasema kuwaeleza ndugu dalili hizi ni kuwatia hofu bure. Lakini wodi zetu zina wauguzi wachache, na usiku anayelitazama tumbo lile ni mama wa mgonjwa au wifi yake. Aambiwe kabla ya ruhusa ya kwenda nyumbani: ukiona hivi, mrudishe usiku huohuo, usingoje tarehe ya kliniki.