Gari la bei nafuu kwa masika: Kagua chini kabla ya kutazama rangi

Mvua za masika zinapoanza wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, bei halisi ya gari lililonunuliwa kwa fedha kidogo hujulikana. Ile iliyoandikwa katika mkataba wa mauziano huwa ni mwanzo tu. Zilizobaki hulipwa kwa shokapu, matairi, siku ambazo gari limelala gereji, na wakati mwingine kwa maisha ya waliokuwamo ndani yake.

Kila mwaka, wafanyabiashara wa mazao, watumishi wa umma, walimu na wakulima wenye uwezo wa kati hutafuta gari la mtumba litakalowafikisha kazini na sokoni hata katika miezi ya mvua. Wengi huangalia vitu vitatu: bei, rangi na herufi za namba ya usajili. Kwa barabara za Kilosa na Mikumi, vitu hivyo vitatu havitoshi kumlinda mnunuzi.

Barabara mbili, mahitaji mawili

Mji mdogo wa Mikumi uko kando ya barabara kuu ya lami inayotoka Dar es Salaam kupitia Morogoro kuelekea Iringa, Mbeya na Zambia. Barabara hiyo hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa umbali wa kilometa 50 hivi. Hapo tatizo si tope bali ni lami yenye maji, malori makubwa, matuta, na wanyama wanaovuka ghafla.

Kutoka Mikumi kwenda Kilosa mjini kupitia Ulaya, mambo ni tofauti. Ni safari ya takriban kilometa 70 katika barabara ambayo kwa miaka mingi imekuwa ya udongo na changarawe. Kwenye mabonde, udongo mweusi wa mbuga ukilowa hunasa magurudumu na kujaza matairi hadi yakawa laini kama yasiyo na meno.

Historia ya karibuni inaonyesha uzito wa jambo hili. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010, Mto Mkondoa ulifurika, ukawaacha maelfu ya wakazi wa Kilosa bila makazi na kuharibu Reli ya Kati katika eneo hilo. Januari 2014, mafuriko yalikata daraja eneo la Magole, karibu na Dumila, na kusimamisha safari za barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma.

Hivyo basi, swali la kwanza kwa mnunuzi si gari gani ni zuri, bali ni barabara gani litapita katika siku mbaya kuliko zote za mwaka. Anayeishi Mikumi na kusafiri zaidi kwenye lami anahitaji breki, matairi na taa. Anayekwenda vijijini kila wiki anahitaji hayo yote, na juu yake gari lililoinuka.

Kimo kabla ya magurudumu manne

Magari madogo yanayopendwa mijini, kama Toyota Vitz na Toyota IST, yana nafasi ya sentimeta 15 hivi kati ya tumbo la gari na ardhi. Kwenye lami yanatosha na hutumia mafuta kidogo. Katika barabara iliyochimbwa mifereji na malori, tumbo hukaa juu ya tuta la katikati, magurudumu yakabaki yanazunguka bure.

Magari kama Toyota RAV4 ya matoleo ya mwanzo au Suzuki Escudo yameinuka zaidi, na ndiyo sababu bado yana soko licha ya umri wake. Escudo za matoleo mawili ya kwanza zilijengwa juu ya chesisi, na zile zinazovuta kwa magurudumu manne zina gia ndogo ya kutokea kwenye tope. RAV4 haina gia hiyo, lakini ni nyepesi na vipuri vyake hupatikana kwa urahisi. Hata hivyo, baadhi ya RAV4 huvuta kwa magurudumu mawili tu, na kwa macho hazitofautiani na zile za manne. Fundi akiinama chini ataona kama kuna shafti na difu ya nyuma.

Aidha, magurudumu manne husaidia gari kuondoka, si kusimama. Kwenye breki, kila gari hutegemea mpira wa tairi uliogusa ardhi. Gari la magurudumu mawili lenye matairi mazuri na dereva mtulivu litapita mahali ambapo gari la manne lenye matairi vipara litaserereka mtaroni.

Theluji ya Japani katika tope la Kilosa

Kuna jambo moja ambalo wanunuzi wengi hawalifahamu. Sehemu kubwa ya magari ya mtumba yaliyopo Tanzania hutoka Japani, nchi ambayo kama Tanzania huendesha upande wa kushoto. Huko, magari madogo yenye kuvuta kwa magurudumu manne hununuliwa zaidi na wakazi wa maeneo ya theluji, kama Hokkaido na kaskazini mwa kisiwa cha Honshu.

Katika maeneo hayo, barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu. Chumvi hiyo hurukia chini ya gari na kula chuma polepole. Matokeo yake ni kwamba gari linalomfaa zaidi mkazi wa Kilosa kwa uwezo wake ndilo lililo katika hatari kubwa zaidi ya kuwa na kutu tumboni, huku juu likiwa linang'aa.

Kutu ya juujuu si tatizo kubwa. Inayopaswa kuogopwa ni ile iliyotoboa au kubanduka kwa magamba kwenye chesisi, mabomba ya breki, vishikio vya shokapu na sehemu ambazo mikono ya magurudumu ya nyuma hufungwa. Fundi hugonga sehemu hizo kwa bisibisi. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti nzito au huzama. Rangi nyeusi iliyopakwa upya chini ya gari lote, siku chache kabla ya kuuzwa, ni sababu ya kuuliza maswali zaidi.

Dalili za gari lililozama

Baada ya mafuriko, magari yaliyoingia maji huoshwa, hukaushwa na kurejea sokoni. Bei yake huwa ya kuvutia, na hitilafu zake huja baada ya miezi kadhaa, waya na soketi zinapoanza kuliwa na kutu.

Mnunuzi anaweza kufanya ukaguzi huu bila kifaa chochote:

- Vuta mikanda ya usalama hadi mwisho. Mstari wa tope au madoa kwenye sehemu isiyotoka kila siku ni dalili ya maji kufika kimo hicho.

- Inua zulia la sakafu na la buti. Tope laini, unyevu au harufu ya ukungu haviondoki kwa manukato. Harufu kali ya manukato ndani ya gari kuukuu nayo ni ishara.

- Tazama boliti za viti na reli zake. Kutu hapo haitokani na mvua ya kawaida.

- Angalia ndani ya taa za mbele na nyuma kama kuna mvuke au alama ya maji.

- Chomoa kijiti cha kupimia mafuta ya injini, kisha mwombe fundi afungue mafuta ya gia boksi na difu. Mafuta yenye rangi ya chai ya maziwa yamechanganyika na maji.

- Washa kila kitu kwa pamoja: taa, waipa, honi, feni, vioo. Taa ya hitilafu kwenye dashibodi inapaswa kuwaka ufunguo unapofunguliwa na kuzimika injini ikiwaka. Isiyowaka kabisa huenda imekatwa makusudi.

Jaribio lifanyike asubuhi injini ikiwa ya baridi. Muuzaji anayelipasha gari moto kabla mnunuzi hajafika huenda anaficha ugumu wa kuwaka au moshi wa mwanzo.

Matairi, waipa na taa

Tairi lina tarehe yake ya kuzaliwa. Ubavuni huandikwa tarakimu nne ambazo mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na meno marefu lakini mpira wake umekauka kwa umri, na mpira mkavu haushiki lami yenye maji.

Kwa wanaopita hifadhini Mikumi, taa na breki ni suala la uhai. Kioo cha taa kilichofifia na kuwa cha njano hupunguza mwanga, na tembo au nyati aliyesimama barabarani usiku wa mvua haonekani hadi gari limekaribia sana. Kumgonga mnyama ndani ya hifadhi huleta pia faini, ambayo hutegemea aina ya mnyama. Kung'arisha taa, kubadili mipira ya waipa na pedi za breki ni matengenezo ya bei ndogo kuliko mengi yanayofanywa kwa ajili ya urembo.

Herufi za namba si umri wa gari

Sokoni, gari husifiwa kwa kuwa ni "namba D" au "namba E". Herufi hizo zinaeleza lini gari lilisajiliwa Tanzania, si lini lilitengenezwa. Gari la mwaka 2004 lililosajiliwa nchini mwaka 2020 lina namba D, ingawa lilikwisha tembea miaka 16 kwingine. Mwaka wa kutengenezwa usomwe kwenye kadi ya gari, na namba ya chesisi iliyo kwenye kadi ilinganishwe, tarakimu kwa tarakimu, na ile iliyogongwa kwenye chuma.

Madeni ya faini za barabarani hukaguliwa kwa namba ya gari katika mfumo wa Jeshi la Polisi, na ni vyema yalipwe na muuzaji kabla fedha hazijabadilisha mikono. Ada ya mwaka ya leseni ya gari, iliyokuwa ikiwaachia wanunuzi malimbikizo, ilifutwa mwaka 2017. Lakini uhamisho wa umiliki kupitia Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) bado ni wa lazima. Anayeendesha kwa kadi ya mtu mwingine kwa miaka hana uthibitisho kamili siku gari likiibiwa, likigonga mtu au likigombewa na warithi.

Bima nayo isomwe kwa makini. Ile ndogo ya lazima huwalinda watu wengine wanaoumizwa na gari, lakini hailipi gari la mwenyewe likisombwa na maji. Anayehitaji kinga hiyo atafute bima kubwa na aulize waziwazi kama mafuriko yamo.

Hesabu kabla ya shauku

Kanuni salama ni kutotumia fedha zote kununulia. Mwenye kiasi fulani atafute gari la theluthi mbili ya kiasi hicho, na theluthi iliyobaki aitumie kwa matairi, breki, betri, mafuta yote ya gari, bushi, shokapu na gharama za uhamisho. Gari dogo zima lenye matairi mapya litafanya kazi masika yote. Gari kubwa lililochoka, lililonunuliwa kwa senti ya mwisho, litasimama mvua ya kwanza na mwenye nalo hatakuwa na fedha ya kulitengeneza.

Malipo ya fundi wa kukagua yatolewe na mnunuzi mwenyewe, na fundi asiwe yule aliyeletwa na dalali. Wakati mzuri wa kununua ni kabla ya mvua, kati ya Juni na Septemba, ili kasoro zitokee barabara ikiwa kavu na gereji ikiwa karibu.

Maji yanayotembea hayapimwi kwa gari

Liko jambo ambalo hakuna ukaguzi unaoweza kulitatua. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimeta 30 tu yanaweza kulielea na kulisukuma gari dogo, na sentimeta 60 huweza kulichukua hata gari kubwa. Maji yakiingia kwenye injini kupitia bomba la hewa hayagandamizwi kama hewa, hivyo hupinda vyuma vya ndani. Dereva ambaye gari limezimika majini hapaswi kuwasha tena, kwani jaribio hilo moja ndilo huua injini.

Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Kwenye daraja lililofunikwa, dereva hawezi kujua kama lami bado ipo chini ya maji ya rangi ya udongo. Mito inayoteremka kutoka milima ya Ukaguru na Rubeho hupanda haraka, na mingi hupungua baada ya saa kadhaa.

Kwa hiyo mnunuzi wa gari la masika aweke katika bajeti yake kitu kisichouzwa kwenye yadi yoyote: muda wa kusubiri. Ajue mahali pa kulala njiani, awe na namba ya simu ya mtu aliye ng'ambo ya mto anayeweza kumweleza hali ya barabara, na aridhike kugeuza gari. Wanaomngoja nyumbani wanaweza kumsubiri hadi kesho.